Judo: Jifunze kuanguka kabla ya kumpiga mwenzako mwereka

MWEZI uliopita mama mmoja wa mtaa wa Eastlands, jijini Nairobi, alinijia akiwa na wasiwasi mwingi. Mwanawe mwenye umri wa miaka 13 alikuwa amehudhuria mafunzo ya judo mara mbili tu. Jumamosi ya pili, aliporudi nyumbani, alimwita binamu yake uani ili amwonyeshe mambo. Akamshika kiunoni, akageuka, akambwaga kwenye saruji. Binamu akatoka nundu kisogoni, akatapika usiku, na jamaa nzima ikakesha hospitalini. Kwa bahati njema mtoto alipona. Swali la mama lilikuwa moja: je, amwondoe mwanawe kwenye mchezo huu?

Nilimjibu la, asimwondoe. Lakini pia sikumficha kwamba kijana huyo alikuwa ameshika nusu ya somo. Alijua kuangusha, ilhali binamu hakujua kuanguka, na saruji si mkeka wa mazoezi. Kwa kuwa najua nyumba nyingi zina vijana wa aina hiyo, na watu wazima nao hawajambo, leo tutalichukua somo hilo tangu mwanzo. Tutafunza mwereka mmoja tu, ule wa nyonga, ambao Wajapani huuita ogoshi. Maana yake ni nyonga kubwa. Ukiujua huo vizuri, mingine mingi ya jamii yake haitakupa taabu.

Judo ilianzishwa mwaka wa 1882 jijini Tokyo na mwalimu Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka wa 1860. Kano alikuwa mtu mfupi na mwembamba, na alipokuwa mwanafunzi wenzake wenye miraba minne walimwonea. Alitafuta walimu wa mieleka ya kale ya Kijapani iliyoitwa jujutsu, akajifunza kwao, kisha akaondoa mbinu zilizokuwa zikiwavunja watu viungo ovyo na kubakisha zile ambazo mtu angeweza kuzifanya kwa nguvu zake zote bila kumuumiza mwenzake. Mchezo huo mpya akauita judo, yaani njia ya upole. Katika orodha ya mafunzo iliyotolewa na shule yake ya Kodokan mwaka wa 1920 kulikuwa na miereka 40, imegawanywa katika mafungu matano ya minane minane. Ogoshi umo katika fungu la kwanza kabisa. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1964, na wanawake wakaanza kushindania nishani mwaka wa 1992 kule Barcelona.

Hiyo ndiyo historia, na inatosha. Sasa vua viatu.

KUANGUKA NDIKO KWANZA

Mwalimu yeyote anayekufundisha kuangusha siku ya kwanza, mwage. Nasema hivi bila kusitasita. Somo la kwanza la judo ni ukemi, yaani namna ya kuanguka, na linapaswa kuchukua majuma kadhaa kabla ya mtu kuinuliwa kutoka ardhini.

Kwa nini? Mtu anapopoteza mizani, mwili wake una desturi yake ya kuzaliwa nayo. Hunyoosha mkono ili ujizuie. Uzito wote wa mwili huteremkia kwenye kiganja kimoja, na matokeo yake ni kifundo cha mkono kuteguka au kuvunjika, kiwiko kuchomoka, au mtulinga kukatika. Mimi mwenyewe yalinipata. Katika mwezi wangu wa kwanza nilipigwa mwereka na msichana ambaye nilimzidi uzito kwa mbali, nikaona haya, nikanyoosha mkono nisianguke. Nilivaa bendeji majuma sita, na kwa majuma hayo yote niliandika kwa mkono wa kushoto. Msichana hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la huo mkono wangu.

Jambo la pili ni kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, nacho kimekaa juu ya shingo kama embe kwenye kikonyo. Mtu akianguka chali bila kukikaza, mgongo hufika chini kwanza, kisha kichwa hufuata kwa kasi na kugonga. Ukemi ni dawa ya mambo haya mawili: hukifunga kichwa, na humpa mkono kazi nyingine ya kufanya.

Anza ukiwa umelala chali juu ya mkeka. Kunja magoti, nyayo ziwe chini. Vuta kidevu hadi karibu na kifua na utazame fundo la mshipi wako. Ni lazima macho yaone fundo hilo, kwani ukitazama dari, kidevu kimeshafunguka. Inua mikono na kuipishanisha mbele ya kifua, kisha pigisha mkeka kwa mikono yote miwili pamoja, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Viganja vielekee chini. Mikono isiwe mbali na mbavu kama ya mtu aliyesulubiwa, wala isibanwe na kiwiliwili. Iwe kama miguu ya herufi A. Ikiwa mbali sana, bega litaumia, na ikiwa karibu sana utaiangukia. Unapopiga, toa pumzi. Usiizuie kifuani.

Kule kupiga mkeka si mapambo wala si kelele za kutisha. Nguvu za anguko zikigawanywa katika mkono mzima na upana wa mgongo, hakuna sehemu moja inayobeba mzigo wote. Fauka ya hayo, mkono ulio na kazi ya kupiga hauwezi kuponyoka kwenda kujitegemeza.

Ukishazoea hapo, keti, kisha jiangushe nyuma huku ukifanya vilevile. Mgongo ujiviringe kama kiti cha bembea, usianguke kama ubao. Baadaye chuchumaa na uanguke. Mwisho kabisa simama, chuchumaa haraka, na uanguke. Ngazi hizi nne zisirukwe. Njia moja ya kujipima ni kukunja leso na kuibana kati ya kidevu na kifua. Leso ikidondoka kabla hujamaliza maanguko kumi, rudi ngazi ya nyuma.

Kisha kuna kuanguka ubavu, na huku ndiko utakakokuhitaji hasa katika mwereka wa leo. Ukipigwa ogoshi wa mkono wa kulia, utatua kwa ubavu wa kushoto na kupiga mkeka kwa mkono wa kushoto, maana mkono wako wa kulia utakuwa umeshikwa. Chuchumaa, telezesha mguu wa kushoto kuelekea upande wa kulia, uache mwili uteremke kwa paja, kiuno na ubavu wa kushoto. Kidevu kifuani. Miguu isipandane, kwa kuwa magoti na vifundo vikigongana mfupa kwa mfupa, utayakumbuka maumivu hayo hadi Krismasi. Fanya ishirini kila upande kila siku ya mazoezi. Inachosha, naam. Lakini mtu aliyefanya maanguko mia nne hafikirii tena akianguka, na hapo ndipo unapotakiwa ufike.

MAHALI, MAVAZI NA AFYA YAKO

Mikeka ya judo imetengenezwa makusudi: ni migumu kiasi cha mguu kutozama na laini kiasi cha mwili kutoumia. Zulia la sebuleni si badala yake, wala nyasi za uwanjani, wala godoro la kitanda, ambalo huteleza na kumezea mguu hadi goti likapindika. Vazi la judo ni koti zito la pamba, suruali na mshipi. Koti hilo lina kazi, kwani ndilo linaloshikwa. Shati la kawaida litachanika na kumwachia mwenzako hewani.

Kata kucha za mikono na za miguu. Vua pete, saa, hereni na mkufu. Fika na kandambili hadi ukingoni mwa mkeka, uziache hapo, na usikanyage mkeka kwa miguu uliyoingilia chooni. Ngozi hukutana na ngozi katika mchezo huu, na choa husambaa haraka kuliko habari za harusi. Mwenye upele unaowasha, jipu au kidonda kilicho wazi abaki nje hadi apone.

Wako watu wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kuanza: wenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wenye kifafa, waliowahi kuumia shingo au mgongo, wenye mifupa iliyodhoofika, na wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda. Mama mjamzito aiache mieleka mpaka ajifungue na apate nguvu.

KUVUNJA MIZANI

Sasa tuje kwenye mwereka wenyewe. Kano aliugawa kila mwereka katika hatua tatu: kuvunja mizani ya mwenzako, kuingia mahali pako, na kumalizia. Wajapani huziita kuzushi, tsukuri na kake. Wanaoanza hupenda ya tatu na kuidharau ya kwanza, na ndiyo sababu unawaona wakihema na kuvutana kama watu wanaogombea gunia la mahindi.

Simameni mkitazamana, miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Nitaeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Mwenye mashoto abadilishe kila kitu. Kwa mkono wako wa kushoto shika mkono wa kulia wa koti la mwenzako, upande wa nje karibu na kiwiko. Kwa mkono wako wa kulia shika kola ya koti lake karibu na mtulinga wake wa kushoto. Shika kwa vidole vitatu vya mwisho, na kidole cha shahada na gumba visikaze sana. Ukikaza ngumi nzima, mkono utachoka kabla ya dakika mbili.

Umewahi kusimama ndani ya basi, kisha dereva akapiga breki ghafla? Mwili wako ulikwenda mbele, visigino vikainuka, ukabaki kwenye vidole vya miguu ukitafuta chuma cha kushikilia. Katika nukta hiyo hata mtoto angeweza kukuangusha. Hali hiyo ndiyo unayotaka kumtia mwenzako. Mvute kwako na juu kidogo, wala si chini. Ukimvuta chini utamsaidia kukita miguu. Mkono wako wa kushoto uinuke mbele ya uso wako kana kwamba unatazama saa, kidole kidogo kikielekea juu na kiwiko kikiwa juu pia. Visigino vyake vikiacha mkeka hata kwa unene wa karatasi, umefaulu.

Fanyeni hatua hii pekee kwa dakika tano. Vuta, mwone akija kwenye vidole, mrudishe. Zamu yake. Hamna haja ya nguvu nyingi hapa, na mtu mwenye kilo 55 anaweza kumsogeza mwenye kilo 90 akipata wakati wake, hasa huyo mkubwa anapopiga hatua kuja mbele mwenyewe.

KUINGIA

Mwenzako akiwa kwenye vidole, peleka mguu wako wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, upande wa ndani, bila kumkanyaga. Wakati huohuo achia kola, upitishe mkono wako wa kulia chini ya kwapa lake la kushoto na kumzungushia mgongoni, juu kidogo ya mshipi. Kiganja kikae bapa mgongoni pake. Usishike mshipi kwa sasa.

Zunguka kuelekea kushoto kwako kwa sehemu ya mbele ya wayo wa kulia. Mguu wako wa kushoto upige nusu duara kwa nyuma, utue mbele ya mguu wake wa kushoto. Sasa nyote wawili mnatazama upande mmoja, mgongo wako umekigusa kifua chake, na nyayo zako mbili zimo katikati ya nyayo zake. Kunja magoti mpaka mshipi wako uwe chini ya mshipi wake. Nyonga yako ivuke kidogo ubavu wake wa kulia. Kati ya kiuno chako na tumbo lake pasipite hata gazeti hili.

Hapa ndipo wengi wanapoumia mgongo, kwa hivyo tutulie kidogo. Watazame wachukuzi wa Marikiti wanapotaka kubeba gunia la viazi. Mzoefu hainami kutoka kiunoni akalivuta gunia. Huchuchumaa akaingia chini yake, mgongo ukiwa umenyooka, kisha miguu ndiyo inayosimama nalo. Fanya vivyo hivyo. Mtu anayeingia akiwa wima, kisha akainama kiunoni ili amchote mwenzake, anauambia uti wa mgongo wa chini ubebe kilo 70 huku ukipinda na kuzunguka kwa pamoja. Diski za kati ya pingili hazikuumbiwa kazi hiyo. Maumivu yake huenda yasije siku hiyo. Huja asubuhi yake unapoinama kuvaa soksi.

Ingia hivyo mara kumi bila kumwangusha. Gusa, mwinue kidogo tu, rudi. Kumi nyingine. Wajapani huyaita mazoezi haya uchikomi, na mabingwa wao huyafanya kwa mamia kila siku. Anayeanza atosheke na thelathini au arubaini kwa siku, almuradi kila moja iwe safi. Ukianza kuchoka na miguu kupanuka, acha. Mwili hujifunza makosa kwa bidii ileile unayojifunzia mambo mazuri.

KUMALIZIA

Nyoosha magoti. Papo hapo mkono wa kushoto uvute kuelekea mfuko wako wa kushoto wa suruali, na kichwa kigeuke kutazama kushoto. Mwenzako atapanda juu ya nyonga yako na kubingirika mbele yako. Ukiwa umefanya vyema, utashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Ukihisi umebeba mnazi, ujue hatua ya kwanza au ya pili ilikuwa na dosari. Mshushe polepole uanze tena, na usimalizie kwa mabavu.

Sasa sikiliza kwa makini, msomaji, maana hili ndilo jambo ambalo yule kijana wa Eastlands hakulijua. Mwenzako anapokuwa hewani, maisha yake yamo katika mkono wako wa kushoto. Usiuachie mkono wa koti lake. Anapotua, uvute juu. Mvuto huo humgeuza atue kwa ubavu na upana wa mgongo, na humzuia kichwa kisifike chini. Ukiuachia, atazunguka jinsi apendavyo Mungu. Nawe ubaki umesimama kwa magoti yaliyokunjwa. Ukimwangukia juu kwa uzito wako wote, mbavu zake ndizo zitakazokupokea.

Mara za kwanza, tumieni godoro nene la sponji lililowekwa juu ya mikeka, na angusheni kwa zamu, mmoja mmoja, bila ubishi. Anayeangushwa asikaze mwili wala asing'ang'anie shingo ya mwenzake. Wanaofanya zoezi hili kwa pamoja waache nafasi ya kutosha kati yao, kwani ajali nyingi hutokea mtu anapoangushiwa mtu mwingine aliyekuwa amelala pembeni.

NGWALA NA VIFO VYA JAPANI

Huenda ukauliza kwa nini nimechagua nyonga badala ya ngwala, ambayo kila mtoto wa Kiafrika huijua tangu mchangani. Judo ina ngwala yake mashuhuri inayoitwa osotogari. Unampita mwenzako ubavuni na kufyeka mguu wake kutoka nyuma. Ni rahisi kuikumbuka na walimu wengi huifundisha mapema, lakini humpeleka mtu chali moja kwa moja, kisogo kikitangulia, bila nyonga ya kumbeba wala muda wa kujipanga.

Kule Japani, ambako judo hufundishwa shuleni, mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya rekodi za ajali za shule na kuonyesha kwamba katika kipindi cha miaka kama 30 kuanzia mwaka wa 1983 zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kutokana na judo. Wengi wao waliumia kichwa, wengi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajazoea kuanguka, na osotogari ilitajwa mara nyingi. Habari hizo zilizua mjadala mkali mwaka wa 2012, wakati michezo ya kujihami ilipofanywa kuwa ya lazima katika shule za kati nchini humo. Chama cha judo cha Japani kilikaza masharti ya usalama, na vifo vikapungua.

Linalotisha zaidi ni kwamba si lazima kichwa kigonge chini. Kikirushwa kwa kasi kisha kikasimama ghafla, ubongo huendelea kusogea ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando wake inaweza kukatika. Damu huvuja taratibu. Mtoto hunyanyuka, hujikung'uta, hucheka, na saa chache baadaye hali hubadilika.

Kwa hivyo mtu yeyote aliyeanguka vibaya na kisha akapatwa na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona mawili mawili, kusahau kilichotokea au kuwa kama mtu aliyepumbaa, mtoe kwenye mkeka papo hapo. Asirudi siku hiyo hata akisisitiza kuwa hajambo. Kijana wa miaka kumi na mitano daima husema hajambo. Asiachwe peke yake jioni hiyo. Iwapo atatapika zaidi ya mara moja, kichwa kikazidi kuuma, akalemewa na usingizi hadi asiamke vizuri, mboni za macho zikatofautiana kwa ukubwa, akapatwa na mtukutiko, au mkono au mguu ukakosa nguvu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali yenye uwezo wa kupiga picha za kichwa. Akiwa na maumivu ya shingo au ganzi mikononi, asiinuliwe wala kukalishwa kabla ya mtaalamu kufika.

Baada ya mtikisiko wa ubongo, mtoto apumzike siku moja au mbili, aanze kutembea na shughuli nyepesi, na asirejee kuangushwa mpaka daktari amruhusu. Pigo la pili likija kabla ya la kwanza kupona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza maradufu.

NA WAZEE JE?

Ukemi hauna faida kwa vijana pekee. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vya ajali zisizokusudiwa duniani, baada ya ajali za barabarani, na waathiriwa wengi ni watu waliotimiza miaka 60 na zaidi. Nchini Uswidi, walimu wa judo wameandaa mafunzo ya kuwafundisha watu wazima kuanguka kwa usalama, bila kupigana na yeyote. Mtu wa miaka 60 mwenye afya anaweza kujifunza ngazi mbili za mwanzo, za kulala na za kuketi, pamoja na mazoezi ya mizani ya kusimama kwa mguu mmoja. Hizo nyingine azipishe. Hahitaji kuinuliwa na mtu kiunoni.

Nimrudie yule mama. Nilimshauri aende mwenyewe kwenye ukumbi wa mazoezi, aketi pembeni saa nzima, atazame. Je, mwalimu anaanza kwa maanguko? Wapya wanafanya mazoezi na wapya wenzao, au wanakabidhiwa mibaba yenye mishipi myeusi? Mtoto akilalamika kuwa kichwa kinauma, anasikilizwa au anaambiwa awe mwanamume? Kuna yeyote anayejua huduma ya kwanza, na gari la kukimbilia hospitali lipo? Aliporudi aliniambia majibu mawili yalimridhisha na mawili hayakumridhisha. Ametafuta ukumbi mwingine. Kijana ameanza upya, na kwa majuma manne ya kwanza hajaruhusiwa kumgusa mtu kiunoni. Ananung'unika sana.

Wewe nawe ukianza, usishtuke asubuhi ya pili ukiamka na shingo ya mbele inayouma kana kwamba ulikabwa. Hiyo ni misuli ya kushikilia kidevu, ambayo hujawahi kuitumia hivyo. Itauma siku mbili tatu, kisha itaacha. Maji ya moto na mwendo mwepesi vitasaidia. Maumivu yakipita juma moja, au yakiteremka begani na kuleta ganzi vidoleni, nenda kliniki.